Tafsiri ya Neno "Kwitahira"

Fomu yetu ilitamka, katika ibara ya kwanza, kwamba mahojiano yangefanyika faraghani. Chumbani tulikuwa watano: mimi, mwenzangu wa chuoni aliyeuliza maswali, afande mmoja, nyapara, yaani mfungwa msimamizi, aliyefanywa mkalimani, na mahabusu mwenyewe, mkulima wa makamo ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Gereza silitaji, lilikuwa mojawapo ya yale tuliyoyazungukia baina ya Kasulu na Kibondo tukitafiti afya ya akili na hatari ya kujiua. Ndoo ya choo ilikaa nyuma ya mlango bila kifuniko, na hakuna aliyeona haja ya kuiondoa kwa ajili ya mtu aliyetakiwa kutufungulia moyo.

Mwenzangu akasoma swali la tisa: katika majuma mawili yaliyopita, umewahi kuwaza kuyakatisha maisha yako? Nyapara akatafsiri kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayeita majina. Mahabusu akatazama sakafu, akajibu taratibu kwamba anataka kwitahira.

"Anasema anataka kwenda kwao," nyapara akatafsiri. "Sasa bosi, nani humu hataki kwenda kwao? Hata afande anataka!"

"Mimi kwetu Tanga, mwaka wa tatu sijapaona," afande akasema. "Mwambie apange foleni."

Wakacheka. Mwenzangu naye akatabasamu, akatia alama kwenye kisanduku cha "ana matumaini ya baadaye".

Mimi nimelelewa Kitanga, kijiji cha Kasulu karibu na mpaka, katika familia iliyotoka Burundi, ambako lugha ni ndugu ya Kiha. Kwitahira ni kwenda nyumbani, ni kweli. Lakini ndilo neno ambalo mama yangu alilitumia kwa waliokufa, asipotaka kutaja kifo mbele ya watoto. Nililijua, na bado nilikuwa nimeidhinisha mkalimani ateuliwe na gereza, kwa sababu utaratibu huo ulipunguza siku za kazi. Nilijichukia palepale nilipoketi.

Nikasema kwamba mtu huyu anataka kufa, na apelekwe hospitali siku ileile.

"Mwalimu, usituletee balaa," afande akajibu, hakucheka tena. "Nikiandika hivyo nitaulizwa nilikuwa wapi. Na kujaribu kujiua ni kosa. Unataka aongezewe kesi?"

"Hajajaribu. Amesema."

"Basi tuandike kichwa kinamuuma. Kwa kichwa, gari litatoka."

Nikakubali. Mimi ambaye nimewarudishia wanafunzi tasnifu nzima kwa istilahi moja isiyo sahihi, nilitia saini ya shahidi chini ya maumivu ya kichwa.

Hospitalini, daktari, mgeni kutoka mkoa mwingine, alikuwa ameshaanza kuandika dawa ya maumivu. Nikamwomba asubiri, nikamweleza. Kisha nikaketi karibu na yule mkulima na kumuuliza kwa lugha ya nyumbani, kwa neno lisilositiri kitu: unawaza kwiyahura, kujiua?

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ego," akasema. Ndiyo. Akaendelea kusema kwa muda mrefu, mimi nikitafsiri, hata daktari akaiweka kalamu chini ili asikilize.

"Huyu analala hapa," daktari akaamua.

Afande akazunguka wodini akivitikisa vitanda kimoja baada ya kingine, akitafuta chenye chuma kigumu cha kufungia pingu.