Nguzo ya Sanduku la Barua na Wakwe Waliofika Mapema

Mke wangu huisimulia habari hii kila tukipata wageni, na kila akiisimulia anaongeza matope, kwa hiyo afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe. Ndiyo, ni kweli: siku watu wa Olivier walipokuja kwetu Gaithersburg kubisha hodi, yaani kumposea kijana wao binti yetu Naliaka, mimi baba mtu, mwenye nyumba, niliwapokea kando ya barabara nikiwa na suruali iliyopasuka magoti na simiti hadi kwenye nyusi, na waliponiuliza kama mimi ni fundi wa mwenye nyumba, nikasema ndiyo.

Sasa ngojeni nianze mwanzo kabla hamjacheka.

Chanzo chake ni nguzo ya sanduku la barua. Kwa nyinyi ambao barua bado mnazifuata posta mjini, huku kwetu Maryland nyumba nyingi zina kisanduku juu ya nguzo pale mbele, na mleta barua anapita na gari, anatumbukiza barua bila kushuka. Yetu ndiyo iliyokuwa na namba ya nyumba. Jumatano asubuhi, natoka zamu ya usiku hospitalini (mimi ni nesi, na macho ya nesi asubuhi mnayajua), nikarudisha gari nyuma kidogo tu liingie vizuri, nikasikia kishindo, na nguzo ikakatika pale chini kama muwa.

"Gari limegonga nguzo," nikamwambia Mama Naliaka.

"Na gari lilikuwa linaendeshwa na nani?" akaniuliza, akarudi kwenye chai yake.

Ijumaa jioni Naliaka akanijia sebuleni. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake saa nane mchana, na sanduku bado limelala kwenye nyasi limeachama. Akasema, "Dad, Olivier anaweza kuja asubuhi na rafiki yake, they'll fix it in an hour."

Hapo ndipo nilipoanza kujichimbia shimo, kabla hata ya kushika jembe. Nikamwambia haiwezekani, kwa desturi gani kijana ambaye watu wake hawajasema neno aje kufanya kazi kwenye boma la baba mkwe, majirani watasema tumemtia kazini kabla hajapewa kiti. (Majirani wenyewe ni mama mmoja mzee na paka wake.) Ningeishia hapo ingekuwa heri, lakini mdomo ukishapata mteremko hausimami, nikaongeza kwamba Olivier mwenyewe anashinda maabara akishika vichupa, nguzo ataijulia wapi.

Naliaka alipanda juu, akafunga mlango polepole, na nyumbani kwetu mlango unaofungwa polepole ni mbaya kuliko unaobamizwa. Nililala vibaya usiku ule, nikijua nimekosea, na nikaamua kwamba kesho akiamka atakuta nguzo imesimama, na mambo yatakuwa yameisha.

Jumamosi nikaanza na nyama, kwa sababu nyama choma ya kupokea wakwe haiwezi kungoja nguzo, na kuni zilipopungua nikachukua vipande vya mbao vilivyokuwa gereji nikavitia motoni. Vikumbukeni vipande hivyo. Halafu nikaenda dukani, nikakuta kuna simiti inayoshika upesi na simiti ya kawaida, nikachukua ya kawaida kwa sababu simiti ni simiti, kwetu Kitale tumejenga shule nzima nayo na hakuna aliyeuliza kama ina haraka.

Kuhusu saa sikuwa na wasiwasi. Tuliambiwa saa nane, na mimi ni mtu mzima, nimehudhuria sherehe zetu Silver Spring mpaka Baltimore, najua saa nane yetu maana yake ni saa kumi na moja, na wakiwa watu wa kanisa, saa kumi. Kwa hiyo saa saba na nusu nilikuwa bado nachimba kwa jembe, kwenye udongo uliolowa mvua, shimo pana kama la kupanda mgomba. Nikasimamisha nguzo mpya, sanduku tayari juu yake, nikamwaga simiti niliyoikoroga mwenyewe (ilikuwa nyepesi, nakubali, uji wa mgonjwa), nikarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yangu, na nguzo ikaanza kuinama taratibu kuelekea barabarani.

Nikaidaka. Nikainyoosha, nikaiachia, ikainama upande wa pili. Hapo nikaelewa kwa nini mafundi huziegemeza nguzo kwa mbao, na mbao zangu zilikuwa zinaivisha nyama. Simu ilikuwa ndani. Mama Naliaka na wenzake walikuwa jikoni upande wa nyuma na nyimbo za injili zimefunguliwa mpaka mwisho, niliita mpaka nikachoka. Nikasema basi, nitaishika mpaka ishike.

Nikaona gari linakuja polepole, likasimama mbele yangu. Saa nane ilikuwa haijafika.

Mimi na baba yake Olivier tulikuwa hatujawahi kuonana wala kuzungumza, mipango yote ilipitia kwa akina mama. Alishuka mwanamume mnene kiasi, suti ya kijivu, uso wa upole, na nyuma yake akashuka mama aliyevaa kitenge na kilemba kirefu, akiyapima matope kwa macho (baadaye nilijua ni shangazi yake Olivier). Nilifungua mdomo niwakaribishe. Wallahi nilifungua. Kisha nikajiona kwenye kioo cha gari lao, kofia ya kukinga jua, miwani ya plastiki, fulana yenye tundu kwapani.

"Jambo, papa," akasema yule mwanamume, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Ni hapa kwa Papa Naliaka?"

"Ni hapa."

"Na weye uko fundi wake?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu, na lilitoka lenyewe. Nilidhani watapita waingie ndani, nami nitajua la kufanya. Shangazi alipita kweli, akaelekea mlangoni, lakini Papa Olivier alibaki. Alinihurumia. Akaniambia hata yeye alipofika nchi hii alianzia kazi za mikono. "Nilikuwa nabebaka kuku mu kiwanda, papa, bisanduku na bisanduku. Usivunjike moyo. Mungu iko." Nikamshukuru. Akatazama mlango, akanisogelea, akapunguza sauti.

"Bon. Nikuulize kitu kimoja. Huyu mwenye nyumba, eko muntu wa namna gani? Juu tuko na woga kidogo. Watu banasema Bakenya banajionaka."

"Ni mtu mzuri," nikasema (mlitaka niseme nini?). "Mpole. Ana subira sana."

"Aksanti. Binti yake alituambia ingine."

"Alisema nini?" Niliuliza kwa haraka isiyomfaa kibarua.

"Apana vibaya. Alisema baba yake hajuake kuomba pardon. Akikukosea, anatafuta kitu yako yenye iliharibika, anaitengeneza, halafu anangojea uelewe. Akasema, mukiona anatengeneza kitu, mujue moyo yake inamuluma."

Mikono yangu ilikuwa kwenye nguzo, na sikuwa na mahali pa kuuweka uso. Nguo zile zilikuwa zimenitia aibu, lakini hili liliingia ndani zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli tupu, na mtoto wangu alilisema kwa wageni ili wanivumilie.

Papa Olivier akaniwekea mkono begani, juu ya simiti mbichi, akafumba macho. "Mungu, bariki mikono ya huyu fundi. Na lainisha moyo ya mwenye nyumba." Nikaitikia amina. Ningefanya nini?

Alipoingia ndani, likaja gari la pili, la Olivier, ambaye alikuwa amepitia kreti za soda. Akashuka na suti nyeusi, akanitazama, akavua koti akaliweka kwenye kiti cha gari. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Baba, mbona hukuniita?"

"Simiti imekataa kushika."

"Acha nishike. Enda ujitayarishe."

"Viatu vyako," nikamwambia. Akavitazama, vyeusi, vipya kabisa, akaingia navyo kwenye simiti.

Nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Mama Naliaka alinitazama kuanzia juu mpaka chini, mwiko mkononi.

"Wageni wameshafika," akasema.

"Najua. Nimewapokea."

Nilioga kama mwanafunzi aliyechelewa kengele, nikavaa suti, nikateremka. Na sebuleni nikakuta hakuna anayecheka. Bwana harusi alikuwa hapatikani, simu yake imeita mpaka imekata (ilikuwa kwenye koti, garini), na shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba anauliza, "Mutoto wetu iko wapi? Tumekuja kuomba bibi bila bwana?" Naliaka alikuwa kwenye ngazi, amevaa, amependeza, ameshika reli kwa mikono miwili. Aliponiona, nikajua anachofikiri. Alidhani yale maneno ya vichupa yamemfikia Olivier, na Olivier amegeuza gari.

"Yuko nje," nikasema.

Wote wakaenda dirishani. Olivier alikuwa amekumbatia nguzo, shati jeupe limegeuka kijivu, na yule mama jirani amesimama kando na paka wake akimpa ushauri. Papa Olivier alimtazama mwanawe. Kisha akanigeukia mimi, akaitazama mikono yangu, akalitazama na sikio langu, ambako simiti ilikuwa bado imebaki.

"Fundi," akasema.

"Karibuni kwangu," nikasema.

Halafu Papa Olivier akasema polepole, "Donc ulikuwa unatengeneza kitu," na nikaona Naliaka ameelewa. Ningeweza kuachia hapo. Nguzo ilikuwa nje, imesimama, kila mtu ameiona. Miaka yote huwa naachia hapo.

"Naliaka," nikasema, mbele ya watu wote, "maneno ya jana kuhusu Olivier hayakuwa ya haki. Samahani."

Naliaka akateremka ngazi mbili. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini mdomo ulikuwa wa mama yake.

"Sema tena, Dad. I didn't hear you."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, na shangazi wa kilemba akapiga kigelegele ambacho nadhani Olivier alikisikia kutoka barabarani, kwa sababu aligeuka kutazama, na nguzo ikapata nafasi yake ya kuinama.

Mazungumzo yalianza kwa kuchelewa, yaani kwa saa nilizokuwa nimezipigia hesabu, na yaliisha vizuri. Wameoana. Papa Olivier mpaka leo ananiita Fundi, hata kanisani, na mimi naitika. Nguzo imeegemea kidogo upande wa barabara, mleta barua hajalalamika, na chini yake kwenye simiti kuna alama ya kiatu kizuri cha ngozi, ambayo Naliaka amenikataza kuiziba. Nimeapa kwamba mtu akijitolea kunisaidia tena nitasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Na mwezi uliopita, nilipogonga tanki la maji ya mvua la Mama Naliaka kwa gari lile lile, nilizima injini, nikaingia jikoni, nikaomba msamaha kwanza, ndipo nikampigia Olivier simu aje na mbao.