Walipokuja Kupima Shamba la Maboga

Miaka ile neno mwekezaji lilikuwa bado geni kwetu Kwamsisi, lakini neno kupima tulishaanza kuliogopa. Ng'ambo ya kijito walikuja watu wakapima, wakasimika vigingi vya saruji, na kabla ya mavuno jirani yetu akakuta seng'enge imezunguka mihogo yake. Mwenyewe yuko nje. Ikabidi ahamie Mkumbara kwa shemeji yake.

Sasa fikiria moyo wangu siku mume wangu aliporudi kutoka mkutano wa kijiji, uso umemkunjuka: "Mama watoto, kesho bwana shamba anakuja kupima shamba la maboga."

"Kupima nini? Umetia sahihi wapi?"

"Unyevu tu! Ni utafiti wa mradi, ofisi yao iko Korogwe. Acha maneno."

Niache vipi? Lile shamba la bondeni ndilo lililotulisha, na jingine hatukuwa nalo.

Bwana shamba akaja na pikipiki, mtu mpole, mdogo kwangu, akanipa shikamoo yangu vizuri. Akachimbia vijiti vya chuma katikati ya maboga, kila kimoja na waya wake umetokeza juu. Waya akauchomeka kwenye kisanduku chenye mshale, mshale ukacheza. Eti hapo udongo unasema wenyewe kama una maji. Mimi niliona vigingi, basi. Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki barabarani, naacha jembe nichungulie inakoelekea. Nikipalilia, vile vijiti navipitia mbali. Mume wangu akawa ananicheka, "Unaogopa waya!" Waya gani, jamani? Nilikuwa naogopa watu.

Kiangazi kikakaza. Mahindi ya wenzetu kule juu yakakauka, maboga yangu yakazidi kutambaa. Bwana shamba akarudi na kisanduku chake, akapima kijiti baada ya kijiti huku anatabasamu.

"Hongera, mama! Katika mashamba yote tuliyopima, hakuna linalotunza maji kama hili. Wakubwa watafurahi wakiona."

Wakubwa gani? Nikamshika mkono wa shati, mimi ambaye hata kumpa mkono mwanaume mgeni sikuzoea.

"Baba, nakuomba. Andika ni bovu."

Akacheka sana, akidhani namtania, na kalamu inaendelea kuandika.