Fimbo ya Mgeni Wakati wa Masika

Masika ya Nyamongo huingia hadi ndani ya mbao. Mlango wa nyumbani kwetu huvimba mpaka tunausukuma kwa bega, na fimbo za pool kwenye banda la mama mmoja wa hapa senta, zinazoegemezwa ukutani mwaka mzima, hupinda. Ukiiviringisha moja juu ya meza, inarukaruka. Hata hivyo bingwa wa banda hilo nilikuwa mimi, na nilishajiona mjini Tarime, ambako Jumapili banda letu lingepeleka mchezaji mmoja kwenye mashindano.

Kisha akaja kijana wa Geita, mchimbaji, na fimbo yake mwenyewe. Ya vipande viwili vya kuunga, inalala kwenye mfuko wa zipu. Imenyooka. Nilimwonea wivu hadi nikawa nakula ugali bila kujua mboga ni nini.

Nikaamua kunyoosha fimbo moja ya banda. Niliipaka samli nikaitundika juu ya moto jikoni, kama babu anavyoifanyia fimbo yake ya kuchungia ng'ombe. Ila ya babu ilizoea moshi kidogo kidogo. Hii ilikuwa imenyonya unyevu, ikakauka ghafla. Ilirudi imepinda zaidi, inanuka maziwa.

"Mura," mwenye banda akaniambia, "nilikupa fimbo, umeniletea upinde. Nenda kawinde."

Jumamosi, siku ya kuchagua mchezaji, fimbo ya mgeni ilianguka kwenye jiwe la mlangoni, ikabonyea pale inapoteleza juu ya vidole. Kila akijaribu kupiga inakwama, mpira unaenda kombo. Moyo wangu ulicheka. Halafu nikamwona anaipapasa kama paji la mtoto mwenye homa, nami nikaukumbuka mlango wetu. Kama unyevu unavimbisha mbao, si utavimbisha na pale palipobonyea?

Nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani. Nikaweka kitambaa chenye maji pale palipobonyea, nikagusisha pasi, nikaondoa, nikagusisha tena. Mvuke ukapanda, mti ukainuka taratibu. Ulipokauka nikausugua kwa msasa laini.

"Kaka, ungeiacha tu ungeshinda," akasema mgeni.

"Najua. Cheza kabla sijabadili mawazo."

Alinifunga. Watu walipomzunguka kumpa mikono, akanipa fimbo nimshikie. Nikapitisha kidole pale palipokuwa pamebonyea, kikaenda, kikarudi. Sikupapata. Na nilitamani sana nipapate.