Chupa Isiyotakata

Ukitaka kumuudhi wifi yangu Tabita, mrudishie chupa umwambie bado inanata. Basi, umeyatafuta mwenyewe. Atakushika mkono, atakibandika kidole chako kwenye kioo na kukuuliza, "Inanata wapi? Nionyeshe!" Na hutapaona, maana Tunduma nzima hakukuwa na mtu wa kutakatisha chupa kama yeye.

Miaka ile ya sabini vyombo vilikuwa shida. Mwenye asali, mwenye samli, mwenye karanga za kusaga, wote walimtegemea yeye. Bashiri, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Nakonde, alimletea chupa tupu za mdomo mpana kwa magunia: za jamu, za kahawa, za vidonge vya zahanati za kule Zambia. Tabita alizilaza kwenye pipa la maji ya jivu, asubuhi akabandua karatasi kwa kipande cha bati, kisha akapaka mafuta ya karanga penye gundi na kuzianika juani. Gundi ikishalegea, anasugua kwa gunzi na jivu, anasuuza kwa maji moto. Harufu ikigoma kutoka, anairudia chupa hata mara tano. Nilikuwa nikimwambia, "Wifi, hiyo ni chupa, si bibi harusi." Ananisonya.

Mumewe, Anyitike, ni kaka yangu, tumbo moja. Aliondoka mwaka sitini na nane kwenda kutafuta kazi migodini Copperbelt, hukohuko Zambia. Zikaja barua mbili, halafu kimya. Miaka minane, jamani! Ukoo ukachoka. Baba mkubwa Zebedayo akamwita Tabita mbele ya wazee, akasema tuweke matanga bila maiti, tumlilie, yaishe. Mtu akishaliliwa amekufa, na mkewe arudi kwao Ndalambo. Tabita akasimama akawaambia, "Mume wangu yu hai. Sinyolewi ng'o!" Kwetu mke asiponyolewa nywele, matanga hayaanzi, na baba mkubwa alilijua hilo. Akawa anangoja achoke. Mimi nilikuwa upande wa wifi yangu. Kaka yangu namtaka hai, nani asiyetaka?

Siku moja ya mwezi wa sita, watu wakiwa mashambani wanavuna mahindi, nilipita kwake nikamkuta amekaa mbali na pipa lake. Jua lilikuwa linawaka, naye anatetemeka.

"Wifi Felista," akasema, "kuna mtu ameniandika."

"Amekuandika wapi?"

"Kwenye chupa. Chupa ya dawa. Nikilifuta jina linarudi."

Tabita hakwenda shule. Aliingia kisomo cha watu wazima majuma machache, akajua kuandika jina lake, Tabita Anyitike, kama lilivyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio, kisha akakimbilia chupa zake. Miaka yote alibandua makaratasi bila kujua yanasema nini. Sasa siku mbili kabla, ndani ya gunia la Bashiri, alishika chupa ya kahawia akakuta maneno yake mawili, yale mawili tu aliyoyajua duniani, yameandikwa kwa wino. Kwenye chupa iliyotoka nchi ambayo hajaikanyaga.

Aliitupa ndani ya pipa kama aliyeshika nyoka. Asubuhi karatasi ilikuwa imeyeyuka, lakini gundi ilikuwa imenyonya wino, na jina lilikuwa palepale juu ya kioo. Akapaka mafuta, akasugua, akaanika. Chupa ikang'aa. Mchana jivu la uani likatua juu yake, likashika pale tu palipokuwa pananata, na jina likapanda tena, herufi kwa herufi, jeupe. Akasugua tena. Likapanda tena. Tabita, ambaye hakuna gundi iliyowahi kumshinda!

"Baba mkubwa amepeleka jina langu kwa mganga huko ng'ambo," akaninong'oneza. "Anataka nife mimi kwanza ndipo matanga yakae. Wifi, nani anayeitaka roho yangu hivi?"

Sitadanganya, mwili ulinisisimka. Kuku walikuwa kimya, uwanja mzima kimya, na ile chupa iko peke yake kwenye jiwe. Nikajikaza. "Lete hapa," nikasema. "Mimi nilifika darasa la sita pale Mbozi Mission, herufi hazinitishi." Uongo mtupu, zilinitisha sana.

Nikaigeuza juani. Jina lilikuwa lake kweli. Lakini chini ya jina palikuwa na mstari wa pili, umefifia zaidi. Neno la Kizungu la umri, na mbele yake tarakimu: nne. Chini yake tarehe, ya mwezi wa tatu, mwaka uleule.

Nikasoma mara mbili. Halafu nikakaa chini. Hakuna mganga. Kule ng'ambo kuna mtoto wa miaka minne anayeitwa Tabita, na baba yake ni Anyitike, na miezi mitatu iliyopita alikuwa anaumwa wakamchukulia dawa. Kaka yangu yu hai. Nilitaka kupiga vigelegele, na nilitaka kumtukana, yote kwa pamoja.

"Inasemaje?" Tabita akauliza.

Ningeweza kumwambia ni uchawi. Wallahi ningeweza. Nikamwambia ukweli wote.

Akainama akaitazama ile chupa. "Miaka minne," akasema. "Anaumwa nini?"

"Haisemi."

"Maskini."

Akaichukua chupa mkononi mwangu. Akachota jivu, akachukua gunzi jipya, akasugua bila haraka, akasuuza, akasugua. Alipomaliza, kioo kilikuwa kitupu kabisa. Akaipulizia jivu tukangoja. Hakikupanda kitu.

"Kamwambie baba mkubwa nitanyolewa."

"Wewe una wazimu? Yu hai! Chupa ndiyo ushahidi wenyewe!"

"Chupa ipi?" akasema, akaniwekea mkononi ile iliyotakata.

"Lakini wifi, kampa mtoto jina lako! Hajakusahau!"

"Basi anaye Tabita wake. Wawili wa nini?"

Nilimbembeleza, nikamlilia, nikamfokea. Wapi! Akanishikisha kiapo nisimwambie mtu, nami kwa upumbavu wangu nikaapa.

Jumamosi akanyolewa. Wanawake wakajaa uwanjani wakiwa wamejifunga kanga viunoni, wazee wakakaa kwenye viti, na mahali pa maiti pakatandikwa mkeka mtupu. Kisha wote wakanigeukia mimi. Kwetu kilio cha mwanamume huanzishwa na dada yake wa tumbo moja. Yeye asipoita jina la ndugu yake, hakuna anayelia.

Nilimtazama Tabita. Kichwa chake kilikuwa cheupe, macho makavu, ananitazama mimi tu. Baba mkubwa akakohoa. "Felista, mwanangu, muite."

Nikaukodolea macho ule mkeka. Nikafungua mdomo, nikamwita Anyitike kwa sauti yangu yote, nikamzika.