Ndagala Mchangani

Mwanamke wa hospitali anayekuja kumrudishia Nourdine maneno ana mikono mipana ya kusonga bugali, sauti ya polepole na shingo ngumu. Tangu Nourdine apigwe na pikipiki kichwani, hasemi. Mkewe Zaina ndiye anayemsemea. Zaina akifungua tu mdomo, kidole cha yule mwanamke kinapanda: “Mama, acha yeye aseme.” Humshikisha mzee vitu vya biashara yake ya zamani ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, leo kikapu, kesho kipimo, kisha hungoja akizungusha pete kidoleni mpaka chai aliyokaribishwa inapoa. Zaina amemchoka.

Leo amezidi. Amechukua ndagala wabichi na kuwamwaga uani, kwenye mchanga, eti anawaanika. Kalundu nzima inajua ndagala wa Nourdine walikauka juu ya wavu, hata siku moja si chini. Zaina akauma ulimi. Mwanamke akaendelea kuwatandaza, taratibu, kama hana macho. Mzee akapiga fimbo chini.

“Ha... hapana. Mchanga hapana.”

Zaina hakujua amkumbatie mwanamke yule au amzabe kofi. Mwanamke mwenyewe alikuwa anakung'uta mikono.

“Kesho nitaharibu chai ya mzee,” akasema. “Na weye Mama, nyamaza vile vile.”