Mjomba Bigirwa na Golikipa wa Ng'ambo

Mvua ya kwanza ikilowesha maganda makavu ya migomba, ikapanda ile harufu yake ya majivu na uchachu, mimi hucheka peke yangu. Wajukuu huulizana kama bibi ni mzima. Mzima kabisa, jamani! Nimekumbuka mpira tu. Mipira yetu ilisokotwa kwa maganda hayo, ikafungwa kamba mpaka ikawa migumu kama kichwa cha mtu mbishi, na aliyeuweza mchezo huo kuliko wote hapa Kibingo alikuwa mjomba wangu Bigirwa, mdogo wa mwisho wa mama.

Siku hizi redio ikitaja "mchezaji wa kimataifa", nasema moyoni, mnamjua nani nyie? Upande huu wa mto Kagera alitawala Mjerumani, upande ule Mwingereza, na mjomba alifunga magoli pande zote mbili. Mchezo wenyewe aliuleta kutoka ng'ambo ya mto, alikokuwa akipeleka kahawa. Alikuwa mshambuliaji wa kati, kifua kama mlango. Sheria za wakati ule hazikumwonea kipa huruma: mjomba alimkumba yeye na mpira wake, wakaingia golini wote wawili, na goli likahesabiwa. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Balaa ni kwamba alimpenda binti wa ng'ambo. Baba wa binti, mzee Rutaihwa, alikuwa amekwisha kuwarudisha washenga wetu mara mbili. "Simpi mwanangu mtu anayekanyaga watu," alisema. Mjomba alikonda, akaacha hata rubisi, na rubisi ya bibi yangu haikuwa pombe ya kuachwa hivi hivi.

Ikaja mechi ya mwaka ule, watu wa ng'ambo wakavuka kwa mitumbwi. Refa alikuwa Bwana Salimu, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani. Alipuliza pembe ya mbuzi kwa madaha utadhani anatangaza arusi. Atakayetangulia kufunga ndiye mshindi. Mara tukaona golini kwao amesimama nani? Mzee Rutaihwa mwenyewe, shuka begani, mkongojo mkononi, mtu ambaye hajawahi kupiga teke hata jiwe!

Watu wetu wakachachamaa. "Hila hiyo! Wanajua mkwe hamgusi baba mkwe!" Na kweli, kwetu hata kumpita karibu bila kumsalimu ni aibu kubwa. Wengine wakasema mkwe gani, si amekataliwa? Mkumbe tu! Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote.

Mjomba akapata mpira, akawapita mabeki, wakabaki yeye na mzee. Nikafumba macho nisimwone mzee wa watu akirushwa. Kufumbua, mjomba amechuchumaa, macho chini, anatoa salamu. Na salamu zetu mnazijua: za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, za mvua. Mzee akaitikia moja moja, hana haraka.

"Cheza mpira, wee!" akafoka Bwana Salimu.

Vijana wa ng'ambo wakaunyakua, wakakimbia nao mpaka golini kwetu, wakafunga.

Nililia njia nzima. Nilimwambia mjomba ametutia aibu, sitamsalimia tena maishani. Akanibeba mabegani huku anaimba. Sikumwelewa hata kidogo. Baada ya mavuno akaoa, na mpira ukaishia hapo, maana timu nzima ya ng'ambo sasa ilikuwa wakwe na mashemeji. Angemkumba nani?

Nilikuwa mama mwenye watoto siku tulipokaa tukimenya ndizi, mimi na mke wa mjomba, nikamlaumu kwa ile hila ya kwao. Akacheka mpaka kisu kikamdondoka. "Hila ya nani? Baba mwenyewe ndiye aliyemtoa kipa. Alisema, nitasimama pale pale anapokanyaga watu, nimwone."

Kumbe mimi nilikuwa nikiangalia mpira.

Nilifurahi, nikaliweka moyoni. Miaka ikapita, binti yangu akaposwa na kijana mwenye baiskeli, hodari wa kuteremka kilima chetu bila kugusa breki. Sikuuliza ana kahawa kiasi gani. Asubuhi moja, kabla hajateremka, nilijitwika mkungu wangu wa ndizi, nikashuka hadi chini ya kilima, nikasimama katikati ya njia, nimwone.