Fundi Aliyekataa Kugonga Namba

Simu ya Jumanne ilinikuta mezani, kikombe mkononi. "Fundi wetu wa Garsen hatunaye tena. Ni presha. Anazikwa kwao Kipini kabla ya alasiri." Nilikuwa mbali, maziko sikuyawahi. Wengi walimjua kwa mikono yake tu. Mimi namkumbuka kwa jambo alilokataa kuifanyia injini yangu.

Marehemu baba aliniachia gari dogo la zamani, la milango miwili, injini nyuma, lililolala uani miaka mingi. Nilitaka litembee tena, nikalikokota hadi kwenye gereji yake. Siku ya tatu akaniita upesi. Alikuwa ameisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa mpaka namba ikajitokeza. Akanikabidhi kitabu cha gari. "Soma mwenyewe." Namba hazikufanana hata kidogo. Ukaguzi ulikuwa wiki iliyofuata, na injini isiyojulikana ilikotoka ni kesi. Lakini lililoniumiza zaidi ni swali ambalo sikuthubutu kulitamka: baba aliitoa wapi?

"Fundi, ifute hiyo, ugonge ya kitabuni," nilimsihi. "Nani atajua?"

"Hilo sikufanyii, mwanangu." Alinionyesha ufa uliochomelewa ubavuni mwa injini. "Mchomeleo huu ni wangu. Nilimfanyia mwalimu mmoja wa Kiorma kule Nanighi, zamani. Twende tukamuulize."

"Akisema iliibwa?"

"Tutamwachia injini yake."

Tuliipakia kwenye pikapu yake, tukapanda na barabara, tukaipita Hola. Mara mbili nilitaka kumwambia ageuze. Tulimkuta mwalimu, mzee aliyestaafu, macho yamefifia. Fundi aliushika mkono wake, akauweka juu ya mchomeleo. Mzee alipapasa, kisha akanigeukia. "Wewe mtoto wa nani?" Nilimtaja baba.

"Alaa! Yule rafiki yangu! Mafuriko yaliiharibu injini yake. Gari langu mimi, la aina hiyohiyo, lilikuwa limeshapinduka, nikampa hii, naye akanipa mitamba wawili. Karatasi za nini kati yetu?"

Niligeuka upande nisionekane ninavyolia. Mwalimu alituandikia barua, akaenda nasi kwa chifu ikapigwa muhuri, na mkaguzi akairidhia. Hapo tu ndipo fundi alipoifungua injini. Alipima kila pistoni, akabadilisha ringi na beringi, akairejesha nati kwa nati. Ilipowaka ilinguruma sawasawa, naye akasema tu, "Haya, mchukue mzee wako."

Siku hizi injini ikikohoa hung'olewa nzima, ikaletwa nyingine ndani ya sanduku, na hakuna anayeuliza ya kwanza ilipitia kwa nani. Hatuna subira, na mara nyingi tunaogopa tutakachokikuta. Fundi huyu alinifunza kwamba jambo linalotutia hofu ndilo la kufuatwa hadi mwisho, maana uongo hauiondoi hofu, huifungia ndani tu. Angenisikiliza siku ile, namba zingefanana, gari lingepita ukaguzi, nami hadi leo ningekuwa naliendesha nikiamini kwamba baba yangu alikuwa mwizi.